Somo la Kiingereza: neno "to tidy" linatoka wapi?



Leo tutaangalia neno moja tu la Kiingereza, lenye herufi nne: "tidy". Katika buku za Kiingereza munalikuta mapema, pale mama anamwambia mtoto wake apange chumba chake mbele ya kwenda kucheza. Mukifungua kamusi ya Kiingereza na Kifaransa mutaona "ranger", tena "mettre en ordre". Sasa mutauliza: kama kamusi imekwisha kutupa maana, kwa nini kumaliza karatasi na wino juu ya neno moja?

Sababu iko. Katika kalasi ya tatu mwanafunzi mmoja alikutana na maneno "a tidy room" siku ya kujaribiwa. Kamusi hakuwa nayo. Akafikiri hivi: "tide" ninaijua, ni maji ya bahari yanayopanda na kushuka, na herufi y mwishoni inageuza jina kuwa sifa, kama vile "rain" inakuwa "rainy" na "sun" inakuwa "sunny". Basi akaandika kwamba ni chumba kinachoingiwa na maji ya bahari. Alipata sifuri kwa jibu hilo, na wenzake walicheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku ile wanamwita "Bahari", na yeye hainui tena mkono katika kalasi. Hata wengine wawili watatu waliokuwa wanapenda kujibu, sasa wananyamaza, sababu kila mutu anaogopa kupata jina la namna ile.

Pointi hazitarudi, jibu lilikuwa baya. Lakini mutu aliyefikiri vile alikuwa karibu na ukweli kuliko wote waliocheka. "Tidy" inatoka kweli kweli katika "tide". Na y ile ni y ya "rainy" na "sunny". Kitu kimoja tu kilimpotea: hakujua "tide" ilikuwa na maana gani mbele ya kwenda baharini. Hiyo si kosa lake, maana buku zetu hazisemi.

Tuanze na wazee. Waingereza wa zamani, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walikuwa na neno "tid". Waliitamka "tiid", kwa i ndefu, vile sisi tunavyosoma herufi zetu. Maana yake ilikuwa wakati, saa, majira. Habari ya maji haikuwamo hata kidogo. Wakitaka kusema maji ya bahari yanajaa na kupungua walikuwa na maneno mengine mawili, ambayo leo ni "flood" na "ebb".

Neno hili lina ndugu katika lugha za jirani. Kwa Wajerumani ni "Zeit". Kwa Waholanzi, na kwa Waflamani wa Ubelgiji, ni "tijd". Kwa Waswidi ni "tid" mpaka leo. Yote ni wakati. Mutasema: "Zeit" na "tide" zinafanana wapi? Angalieni vizuri. Mwingereza anahesabu "two", Mjerumani "zwei". Mwingereza "ten", Mjerumani "zehn". Ulimi ni "tongue" kwa mmoja na "Zunge" kwa mwingine. Pale mmoja anaweka t mwanzoni, mwenzake anaweka z, na hii si bahati, ni desturi ya lugha zenyewe. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Jacob Grimm, alieleza mambo ya namna hii katika buku lake la mwaka 1822, na tangu pale watu wanaotafuta asili ya maneno hawakisii tena ovyo.

Na sisi tuko na desturi kama hiyo katika nyumba yetu, ila hatuiangalii. Mutu wa Kilingala anasema "nzala", sisi "njaa". Yeye "nzela", sisi "njia". Pale yeye anatia nz, Kiswahili kinatia nj. Na ile l ya katikati Kiswahili kimeimeza. Hakuna aliyekaa mezani kuamua hivyo. Midomo ya watu iliamua, kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi.

Sasa, kwa nini Waingereza wanaandika "tide" na kusema "taid"? Hili ndilo lalamiko la kila kalasi, kwamba Kiingereza kinaandikwa hivi na kusomwa vile. Jibu lake ni habari ya wakati. Kuanzia karne ya 15 na kuendelea, sauti ndefu za Kiingereza zilianza kuhama katika midomo ya watu. Ile "ii" ndefu ikahama pole pole mpaka kuwa "ai". Kwa hiyo "tiid" ikawa "taid", "tiim" ikawa "taim", "wiif" ikawa "waif". Lakini ni katika miaka ileile ambapo mashine ya kupiga chapa ilifika Uingereza: William Caxton aliweka mashine yake Westminster, karibu na London, mwaka 1476. Wapiga chapa walishika maandiko ya sauti za zamani, na midomo ikaendelea na safari yake. Maandiko yakabaki kituoni, gari likaondoka. Basi mukiona "i" katika "time", "tide", "mine", "wife", mujue munasoma sauti ya wazee waliokufa zamani.

"Time" na "tide" ni mutu na ndugu yake. Wataalamu wanaona nyuma yao mzizi mmoja wa kale sana wenye maana ya kukata au kugawa. Wakati ni kipande kilichokatwa. Mimi ninapenda hesabu hiyo: siku ni kitambaa kirefu, na saa ni vipande vyake.

Baadaye "time" ilikua na kukamata kazi yote, na "tide" ikafukuzwa pembeni. Lakini ilibaki katika maneno fulani ya zamani. "Eventide" ni wakati wa jioni. "Noontide" ni saa sita mchana. "Eastertide" ni majira ya Pasaka, na "Whitsuntide" ni majira ya Pentekoste. Wenye kusoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watakuta "eventide" katika Mwanzo 24:63, pale Isaka anatoka kwenda shambani. Msimweke Isaka kando ya bahari! Ni jioni tu. Neno "tidings", maana yake habari, nalo ni la ukoo huo, ingawa lilipitia kwa watu wa Skandinavia: ni mambo yaliyotukia kwa wakati wake.

Kuna methali pia ambayo walimu wanapenda kuandika kwenye tablo: "Time and tide wait for no man". Karibu kila mutu anaieleza kwa bahari, kwamba maji yakipungua mashua haiwezi kungoja. Maelezo hayo yanapendeza, na leo Waingereza wenyewe wanaisikia hivyo. Lakini zamani "tide" hapo ilikuwa wakati au majira. Maneno mawili ya maana moja yaliwekwa pamoja kwa nguvu, kama vile sisi tunasema "shida na taabu". Mutu akisema shida na taabu, hatuulizi shida ni ipi na taabu ni ipi.

Basi bahari iliingia namna gani? Mutu wa kando ya bahari anaona kitu ambacho sisi wa milima na maziwa hatukioni. Maji yanapanda, halafu yanashuka, halafu yanapanda tena, na kutoka kujaa mpaka kujaa ni karibu saa 12 na dakika 25. Kazi yote ya mvuvi na ya baharia inafuata hesabu hiyo. Kwake, kuuliza wakati ni kuuliza maji yamefika wapi. Kwa hiyo, katika karne ya 14 hivi, Waingereza walianza kuita mwendo wa maji kwa jina la saa yake: "tide". Wafaransa walifuata njia nyingine, wao walichukua "mer" na kupata "marée".

Katika ziwa Tanganyika au ziwa Kivu hakuna mutu aliyeona maji yakifanya vile, na pwani ya nchi yetu, huko Muanda, ni fupi, karibu kilometa 40 tu. Ndiyo maana maneno hayo ni magumu kwetu. Lakini Kiswahili chenyewe kilizaliwa kando ya bahari, kule mashariki, na Waswahili wa kule wana maneno yote: maji kujaa, maji kupwa, bamvua. Sisi tulipokea lugha lakini tuliacha bahari nyuma. Hata hivyo alama moja tunaibeba kila siku bila kujua. Neno "pwani" linatoka katika "kupwa", na ile "-ni" ya mwisho ni ile ya "nyumbani" na "shambani". Pwani ni pale maji yanapokupwa, pale yanapokauka yakirudi nyuma. Tunasema pwani, pwani, na "kupwa" wengi wetu hatujapata kuisikia.

Turudi kwa "tidy", maana tumetembea.

Katika karne ya 13 Waingereza wanaanza kuandika sifa hiyo, "tidy", na maana yake ya kwanza ni: cha wakati wake, kilichokuja kwa majira yake. Wajerumani bado wana ndugu yake, "zeitig", maana yake mapema. Na katika Kijerumani cha zamani na cha kusini "zeitig" ni tunda lililoiva. Waholanzi wana "tijdig", kwa wakati unaofaa. Waswidi wana "tidig", mapema. Hakuna hata mmoja wao anayefikiri habari ya kupanga chumba. Mwingereza peke yake ndiye aliyefika kule, na safari yake ni hii.

Kitu kinachokuja kwa wakati wake ni kizuri. Mutu wa shamba hahitaji maelezo mengi hapa. Mahindi yanayovunwa kwa wakati wake yanajaa. Yanayovunwa mbele ya wakati ni maji matupu, na yanayochelewa yanaliwa na wadudu. Ndama anayezaliwa wakati majani yapo ananenepa. Kwa hiyo "tidy" ikahama kutoka "cha wakati wake" mpaka "kilicho katika hali nzuri", halafu ikawa "kinono, chenye afya, cha kupendeza". Wakati huo mutu angeweza kusema "tidy" juu ya mnyama au juu ya mutu mwenye mwili mzuri.

Shahidi wetu ni Shakespeare mwenyewe. Katika sehemu ya pili ya mchezo wake juu ya mfalme Henry IV, iliyopigwa chapa mwaka 1600, mwanamke mmoja anamtania yule mzee mnene Falstaff, na katika kumfananisha na nguruwe mchanga wa kuchomwa, aliyekuwa akiuzwa London katika soko kubwa la Mtakatifu Bartolomayo, anatumia neno "tidy". Mukimtafsiri leo kwa "ranger" mutapata nguruwe aliyepanga vitanda. Maana yake ni nguruwe mnono.

Halafu, karibu na mwanzo wa karne ya 18, tunaona neno limefika nyumbani: "tidy" sasa ni mutu nadhifu, nyumba yenye mpango. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosumbua wasomaji. Unono na mpango vina shauri gani? Mimi naona tusiruke kutoka kwa nguruwe moja kwa moja mpaka chumbani. Katikati kuna mutu. Mutu aliyeitwa "tidy" alikuwa mutu mwema wa kazi, anayefaa, asiyechelewa. Na mutu wa namna hiyo nyumba yake inaonekanaje? Vyombo vinaoshwa baada ya kula, havingoji kesho. Kuni zinaletwa mbele ya mvua. Nyumba yake ina mpango sababu kila kazi ilifanywa saa yake. Fujo ni nini, kama si kazi za jana, za juzi na za juma lililopita, zote zimekaa pamoja sakafuni? Wanafunzi wa internati wanaijua vizuri, sababu siku ya posho wanazikuta chini ya kitanda.

Na kitendo, "to tidy", kilikuja nyuma ya wote. Sifa ilikuwa imetumika miaka mia sita hivi kabla ya watu kuanza kuandika "to tidy" kama kitendo, katika miaka ya 1820. Kwa hiyo mukisoma andiko la karne ya 16 msitegemee kukuta mutu "anatidy" chumba. Wakati huo alipanga kwa maneno mengine.

Maana za zamani hazikufa zote. Mwingereza akisema "a tidy sum", anasema feza nyingi, kiasi kizuri. Hasemi kwamba noti zilipangwa vizuri. Hiyo ni ile maana ya unono, imejificha ndani ya mfuko. Na katika nchi ya Wales, upande wa kusini, watu wanasema "tidy" kwa kusifu jambo lolote zuri: chakula, kazi, mutu mwenyewe. Mujihadhari basi. Sentensi kama "He left his son a tidy sum" inaweza kuja katika egzame ya serikali, na mutu aliyekariri "tidy ni kupanga" ataandika maajabu.

Hapa ndipo ninapotaka kuwajibu wale walioniambia: "Mwalimu, asili ya neno haitusaidii, egzame inauliza maana tu." Wana haki nusu. Asili ya neno si maana yake ya leo. Mwenzetu wa kalasi ya tatu alianguka pale pale: aliijua familia ya neno, akafikiri mtoto lazima afanye kazi ya baba. Maneno hayafanyi vile. Kinachotoa maana ni sentensi yenyewe, majirani wa neno, na mambo yanayosemwa. Kama sentensi inasema "Tidy your room before you go out", bahari itaingia wapi? Angeangalia majirani angepona. Lakini haki nusu nyingine iko kwangu. Anayejua kwamba "tidy" ilikuwa "ya wakati wake", kisha "nzuri, nono", kisha "yenye mpango", ana kamba moja ya kufunga maana tatu. Asiyejua lazima azibebe mkononi, moja moja, na moja itaanguka njiani.

Na msifikiri Waingereza peke yao ndio wana maneno yaliyotembea. Chukueni Kifaransa tunachotumia kila siku. "Propre" inatoka katika Kilatini "proprius", ya mutu mwenyewe. Ndiyo maana "ma propre chambre" ni chumba changu mimi mwenyewe, na "ma chambre propre" ni chumba changu kilicho safi. Neno ni moja, mahali pake panageuza maana. "Nettoyer" inatoka katika "net", na "net" inatoka katika Kilatini "nitidus", maana yake chenye kung'aa. Kiingereza kilichukua neno hilo hilo kwa Wafaransa na kulifanya "neat". Kwa hiyo mutu wa Kifaransa akikutana na "neat" amekutana na shemeji. "Ranger" inatoka katika "rang", mstari wa watu, na "rang" Wafaransa waliipata kwa Wafranki, watu wa ukoo wa Kijerumani, ambao kwao ilikuwa duara, ileile ambayo Waingereza wanaiita "ring". Watu walisimama duara, kisha wakasimama mstari, leo tunasimamisha buku.

"Clean" nayo ina mchezo wake. Ndugu yake katika Kijerumani na Kiholanzi ni "klein", na "klein" maana yake ni kidogo! Zamani neno lilikuwa "chenye kung'aa, laini, chembamba". Mwingereza alishika kung'aa, Mjerumani alishika wembamba. Na "to hoover", ambayo Waingereza wanasema kwa kufyonza vumbi na mashine, haina mzizi wa kale wowote. Ni jina la William Henry Hoover wa Ohio, Marekani, aliyenunua haki ya mashine ya James Murray Spangler, mwaka 1908. Kwa Kiswahili, "safi" na "nadhifu" tumezipokea kutoka Kiarabu, na "kupanga" ni yetu wenyewe. Lakini hata "kupanga" muiangalie: kule Tanzania na Kenya mutu akisema amepanga nyumba, mara nyingi anataka kusema anailipia kila mwezi. Hakugusa ufagio.

Sasa matumizi, maana kesho mutaandika.

"To tidy" si "to clean". Hili wengi wanachanganya, sababu sisi tukisema "kufanya usafi" tunatia yote ndani: kufagia, kuosha, kupanga, hata kukata majani siku ya salongo. Mwingereza anatenga. "To tidy" ni kurudisha vitu mahali pake. "To clean" ni kuondoa uchafu. Chumba kinaweza kuwa "tidy" bila kuwa "clean": buku zimesimama mstari, viatu viwili viwili, na vumbi juu yake unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Kinaweza kuwa "clean" bila kuwa "tidy": sakafu imeoshwa, inanukia sabuni, na nguo zote zimerundikwa juu ya kitanda cha mwenzako sababu ulitaka nafasi ya kuosha. Siku ya ukaguzi wa internati nimeona vyumba vya namna zote mbili, hasa cha pili. Kinyume cha "tidy" ni "untidy", na zamani hiyo nayo ilikuwa "isiyo ya wakati wake".

Mara mingi neno hili linatembea na "up": "to tidy up". Hapo muangalie mahali pa vitu. Munaweza kusema "tidy up the room" au "tidy the room up", yote mawili ni sawa. Lakini mukiweka "it" badala ya "the room", lazima ikae katikati: "tidy it up". Mukiandika "tidy up it", mwalimu atatia alama nyekundu, na atakuwa na haki. "To tidy away" ni kuondoa vitu vilivyotumika na kuviweka kabatini. Waamerika wanalielewa neno hili, lakini katika maneno ya kila siku utawasikia zaidi wakisema "clean up", "pick up" au "straighten up". "Tidy up" inanukia Uingereza zaidi.

Kwa kuandika, y inageuka: "he tidies", "she tidied". Mbele ya "-ing" y inabaki: "tidying". Ni kama "study", "studies", "studied", "studying", ambayo munaijua tangu mwaka wa kwanza. Tena muone kwamba katika buku zenu mama anaambia watoto wote wapange, mvulana na msichana. Ninasema hivyo kwa wale wavulana wanaoniletea mifano ambamo "my sister" peke yake ndiye anatidy kila siku. Sarufi ya mifano yenu ni safi. Dada zenu wamechoka.

Mazoezi. Tafsirini kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kila mahali museme "tidy" au "tide" iko na maana gani: "My brother tidied the table but he did not clean it." "They sold the cow for a tidy sum." "The boat will leave at high tide." "At eventide the old men sat under the tree." "Here is the cupboard. Tidy it up before the bell." Kisha, katika lugha ya nyumbani kwenu, kama ni Mashi, Kinande, Kiluba, Kibembe au nyingine, ulizeni wazee neno lao la kupanga nyumba, na kama neno hilo lina maana nyingine pia. Andikeni vile walivyosema, bila kuwatengenezea.

Kaye ziletwe siku ya nne, mbele ya kengele ya pili. Kwa sentensi ya tatu ninamwomba yule wa kalasi ya tatu aieleze yeye mwenyewe kwenye tablo, sababu habari ya maji ya bahari aliijua mbele yetu wote. Na tutamwita kwa jina lake.